Nani Alimwambia Salme Pole?

Dada yangu alinitumia ujumbe wa sauti Novemba iliyopita. Dakika tatu na nusu, na ya kwanza yote ni yeye anahema akipanda ngazi. Yuko mji mdogo karibu na Hamburg, anasomea kazi ya kutunza wazee. Siku hiyo mwenzake kazini alikuwa amefiwa na baba. Dada yangu alimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akafungua mdomo amwambie pole, na hapo ndipo alipogundua kwamba Kijerumani chake chote, kuanzia A1 mpaka B2, kile tulichochangiana nyumba nzima hadi mathe akauza ng'ombe, hakina hilo neno. Kuna neno la kuomba msamaha. Kuna la rambirambi, refu, zuri la kuandika kwenye kadi. Lakini pole, hii pole yetu ya aliyefiwa na ya aliyejikwaa na ya aliyetoka kazini amechoka, hakuna.

"Nilisimama tu hapo kama mlingoti," akasema. "Halafu nikamshika mkono. Hata sijui kama wao hushikana mikono."

Nilisikiliza nikiwa kwa matatu, nikasikiliza tena nikishuka, na mtu niliyemkumbuka hakuwa yeyote wa kwetu. Nilimkumbuka mwanamke aliyefiwa na mume Hamburg mnamo Agosti 1870, wakati ambapo mtu pekee ndani ya nyumba yake aliyejua kusema pole ndiye huyo aliyekuwa amekufa.

Nilikutana naye maktabani. Chuo nilikuwa nasomea historia, nikaacha mwaka wa pili. Karo iliisha kabla ya hamu. Katika ile miezi ya mwisho nilikuwa siingii darasani, nakaa tu maktaba nikisoma vitabu ambavyo hakuna mtihani ungeniuliza. Kimoja kilikuwa cha Salme binti Said.

Wengi wanamjua kwa jina la "yule binti mfalme wa Zanzibar aliyetoroka na Mjerumani". Ukienda Unguja utaoneshwa vitu vyake, utasimuliwa mapenzi ya juu ya dari, utapiga picha, utaenda kula urojo. Sawa. Mimi mapenzi ya darini nayaacha kwa waongoza watalii. Kilichonishika ni yaliyofuata: sufuria, milango, saa, mtoto anayelia kwa lugha ambayo mama bado anajifunza.

Kwa kifupi basi. Salme alizaliwa 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini kidogo mwa mji wa Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamisha makao ya utawala kutoka Muscat. Mama yake alikuwa suria, Mcherkesi kutoka pande za Kaukasi, aliyetekwa vitani akiwa mtoto na kuuzwa. Wasichana wa pale walisomeshwa Kurani lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, ndio uliokuwa slate ya zama hizo. Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15, ndiye aliyekuwa karani wa njama ya kaka yake Barghash ya kumng'oa kaka yao mwingine, Majid, kwenye kiti cha usultani. Njama ikavunjika, Barghash akasafirishwa Bombay. Baadaye Salme alipopatana na Majid, upande wa Barghash ukamwona msaliti. Mama alikuwa amekufa kwa kipindupindu, baba alikuwa amekufa kitambo. Akawa binti wa ukoo mkubwa asiye na wa kunywa naye kahawa.

Upande wa pili wa ukuta alikaa Heinrich Ruete. Huyu ndiye niseme alikuwa "expat" kwa maana ile tunayoijua Nairobi, ya mtu wa Gigiri mwenye mlinzi getini. Siku hizi dada yangu akienda Ujerumani anaitwa mhamiaji, na Mjerumani akija hapa anaitwa mtaalamu wa kigeni. Wakati huo hali ilikuwa hiyo hiyo bila majina. Hamburg ilikuwa na mkataba wa biashara na Zanzibar tangu 1859. Kampuni zake zilinunua karafuu na pembe, na zilipakia kauri kwa meli nzima nzima kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama pesa. Heinrich alifika Unguja mwaka 1855 akiwa kijana wa miaka 16. Alijifunza Kiswahili kwa sababu bila hicho hauzi wala hununui. Alikuwa na nyumba nzuri, watumishi, na wenzake wa kwao wa kula nao chakula cha jioni. Kuzoea ugeni kwake kulikuwa kazi yenye mshahara.

Salme akapata mimba. Katika mji ule, kwa binti wa sultani, na baba wa mtoto akiwa Mkristo, hilo lilikuwa jambo la kufa. Agosti 1866, siku za sherehe ya Mwaka, wakati wanawake wanashuka pwani usiku kuoga mwaka, naye alishuka kama wengine. Hakurudi. Mashua ilimpeleka kwenye manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, na Highflyer ikampeleka Aden.

Aden alikaa miezi tisa kwa mume na mke wa Kihispania aliowafahamu tangu Unguja. Desemba akajifungua mvulana. Tarehe 30 Mei 1867 Heinrich alifika, na siku hiyo hiyo Salme akabatizwa, akapewa jina Emily, na wakafungishwa ndoa, wakapanda meli. Njiani, wakiwa Ufaransa, mtoto akafa.

Simulizi nyingi hulipita jambo hilo kwa nusu sentensi. Katika kitabu alichochapisha, mtoto huyo hayumo kabisa. Lakini hebu kaa nalo kidogo. Mama wa miaka 22 anafika kwa wakwe, mji asioujua, lugha asiyoijua, dini aliyoipokea juzi, na mikono mitupu.

Walifika Hamburg kiangazi. Nyumba yao ilikuwa Uhlenhorst, kando ya ziwa la Alster, mtaa wa watu wenye pesa. Na hapa nataka nizungumzie saa, kwa sababu dada yangu alinifungua macho. Mwezi wake wa kwanza kule aliniambia, "Saa ya Kiswahili huku imekufa." Nilidhani anatania. Sisi tunahesabu kutoka jua linapochomoza na linapozama: saa moja ni jua limetoka, saa kumi na mbili linaondoka, na hapa karibu na ikweta halitudanganyi. Hamburg mwezi Juni jua linazama saa nne kasoro usiku. Usiku! Desemba linachomoza saa mbili na nusu na saa kumi alasiri limeshakwenda. Saa mbili ya asubuhi ni giza totoro. Ukisema "saa moja jioni" Juni ni mchana mweupe.

Sasa mweke Salme pale. Huyu amekulia mahali ambapo siku mpya inaanza magharibi, jua likizama. Ambapo kula, kulala, kuoga, kutembeleana, vyote vimefungwa kwenye sala tano, na sala zimefungwa kwenye jua. Kubatizwa kulimvua jina lakini hakukuvua mwili mazoea hayo. Barua zake, alizoandika kana kwamba anamwandikia rafiki yake wa kike aliyebaki nyumbani, zinaonesha mtu ambaye moyoni hakuhama. Barua zenyewe hazikuchapwa akiwa hai. Kwa Kiingereza zilitoka kitabuni mwaka 1993. Kwa hiyo kwa zaidi ya karne watu walikuwa na kitabu chake cha adabu, chenye kaptula na soksi, na hawakuwa na maumivu yake.

Halafu milango. Mtoni, kwa hesabu yake mwenyewe, waliishi watu kama elfu moja. Elfu moja! Ua mkubwa, vyumba vimeachwa wazi upepo upite, bata na tausi wanatembea katikati ya watoto, mtu haingii mahali bila kuitikiwa. Nyumba ya baridi imejengwa kwa fikra tofauti kabisa: kila mlango unafungwa nyuma yako ili joto lisitoroke. Wala haina uhusiano na roho mbaya, ni kuni na makaa. Lakini mtu aliyezoea kupiga hodi na kusikia karibu kabla hata hajamaliza, akihamia kwenye nyumba ambayo sauti haitoki chumba hiki kwenda kile, atahisi kama amewekwa kabatini. Dada yangu jirani yake alimwandikia karatasi, akaibandika mlangoni, kumwambia Jumapili ni siku ya ukimya, mashine ya kufulia iache. Karatasi! Mlango kwa mlango, hatua nne.

Kulikuwa na nguo pia, korseti na viatu na kofia za kufungwa chini ya kidevu, kwa mwili uliozoea kanzu na suruali ya marinda. Kulikuwa na kutazamwa. Wageni walikuja kumwona, maana habari za binti mfalme wa mashariki zilikuwa zimeenea. Mambo haya nayapita kwa sababu yeyote aliyewahi kuwa Mwafrika wa pekee kwenye basi anayajua.

Lakini lugha siwezi kuipita.

Heinrich alitoka asubuhi kwenda ofisini. Salme alibaki na watumishi ambao hakuwaelewa wala hawakumwelewa. Jioni Heinrich alirudi, na lugha waliyokuwa nayo wawili hao, lugha ya kuulizana umeshindaje, ya kugombana, ya kunong'ona, ilikuwa Kiswahili. Nataka uione picha hiyo vizuri. Miaka karibu 20 kabla ya mkutano wa Berlin, ukingoni mwa Alster, ndani ya nyumba ya tajiri wa Kijerumani, taa imewashwa na watu wawili wanaongea Kiswahili. Hakikuwa cha darasani wala cha sera. Ndicho kilichokuwa nyumba yao. Kuta zilikuwa za Hamburg tu.

Hiki Kiswahili chake nacho kina historia ambayo si tamu. Salme anaeleza kwamba Mtoni, mbele ya baba yake, Kiarabu ndicho kilichoruhusiwa. Sayyid Said akigeuza mgongo, uani kukawa kama soko: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kinubi, Kihabeshi, Kiswahili. Kiswahili hakikuwa lugha ya kiti cha enzi. Kilikuwa cha uani na cha jikoni, cha wanawake waliowabeba watoto wa sultani mgongoni. Ni kusema, lugha iliyoshika ndoa ya Salme kule baridi alipewa na watu ambao wengi wao walikuwa wamenunuliwa. Nitalirudia.

Watoto wakaja mfululizo. Antonie mwaka 1868, Rudolph 1869, Rosalie 1870. Kila mmoja aliwekewa jina la pili la kwao mama: Thawka, Said, Ghuza. Majina hayo nayaona kama kile kibegi unachoficha chini ya masanduku ya familia nzima, ambacho forodha hawakifungui. Huku nje ni Antonie Ruete, mtoto wa Kijerumani mwenye nywele nyeusi. Ndani kuna Thawka.

Salme alikuwa amejifunza Kijerumani kwa haraka, alikuwa na kichwa hicho tangu enzi za mfupa wa ngamia. Mambo yalikuwa yanaanza kukaa sawa. Julai 1870 vita na Ufaransa vikaanza, mji ukajaa bendera. Mwanzoni mwa Agosti, Heinrich alianguka akishuka kwenye tramu ya kukokotwa na farasi, ikamkanyaga. Alikufa tarehe 6. Salme alikuwa hajatimiza miaka 26. Mkubwa wa watoto alikuwa na miaka miwili, wa mwisho hajafika miezi minne.

Watu walikuja, bila shaka. Wajerumani wa daraja lile wana adabu zao za msiba: kadi yenye ukingo mweusi, mkono, maneno machache, wanaondoka. Hawakai. Kwetu matanga ni kelele. Ni sufuria kubwa za kuazima, ni shangazi ambaye humjui akikuamrisha ule, ni mtu analala mkekani sebuleni kwako siku tatu bila kualikwa, na ni pole, pole, pole, mpaka linakuwa kama mvua kwenye mabati. Unguja kungekuwa na eda, kungekuwa na khitma, kungekuwa na wanawake wengi chumbani na mlango wazi. Salme alikuwa na kadi.

Na miezi miwili baadaye Majid akafa huko Unguja. Aliyekaa kwenye kiti ni Barghash, kaka ambaye hakumsamehe. Kwa hiyo ndani ya mwaka ule mmoja alipoteza mtu wa kumwambia pole, na akapoteza pia njia ya kurudi kwa waliojua kusema pole.

Kilichofuata ni karatasi. Sheria za Hamburg wakati huo hazikumtambua mjane kama msimamizi kamili wa wanawe na mali. Ziliwekea familia wasimamizi wanaume. Mwanamke ambaye Unguja alikuwa na mashamba yake mwenyewe tangu usichana, maana sheria ya Kiislamu ilimpa urithi wake mkononi, sasa alikuwa anaombea ruhusa pesa ya nyumba yake. Ukitaka kuwatania wale wanaodhani Ulaya ilizaliwa ikiwa na haki za wanawake, waambie hilo. Sehemu kubwa ya mali ikapotea. Akahama Hamburg: Dresden, Rudolstadt, Berlin, kila mara kutafuta mahali pa bei nafuu, na akawa anafundisha Kiarabu kupata chochote. Malkia wa mama ntilie, ningesema, kama si kwamba aliuza irabu badala ya chapati.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme alivuka bahari kwenda kumwona, akiwa ameboresha Kiingereza chake kwa ajili hiyo. Waingereza hawakutaka purukushani mbele ya mgeni wao. Walimshawishi amwache kaka yake kwa ahadi kwamba wanawe watasaidiwa, naye akakubali. Msaada haukuja.

Katika miaka hiyo hiyo alianza kuandika. Afya ilikuwa mbovu, na aliogopa kufa kabla watoto hawajawa wakubwa wa kusimuliwa. Akaandika ili wajue mama yao alitoka wapi: kasri la Mtoni, sikukuu, vyakula, safari za shambani, ugomvi wa ndugu. Akaandika kwa Kijerumani. Kila nikifika hapo nakwama. Mama anawaandikia watoto wake wa kuwazaa habari za kwao kwa lugha aliyoisoma ukubwani, kwa kuwa ndiyo wanayoielewa. Mtu aliyepata neno "mama" kwa sauti fulani analazimika kulitafsiri ili wanawe walielewe. Kitabu kilitoka Berlin mwaka 1886, na husemwa kuwa ndiyo tawasifu ya kwanza kuchapishwa na mwanamke wa Kiarabu. Mimi nakisoma kama barua ndefu ya mzazi wa diaspora.

Alirudi Unguja mwaka 1885, na hapa mambo yanatugusa sisi wa bara na pwani moja kwa moja. Wajerumani walikuwa wanagombania bara na Barghash, na huku kwetu walikuwa wameshadai Witu, karibu na Lamu. Bismarck akatuma manowari zitie nanga mbele ya kasri la sultani. Salme na watoto wakaletwa na meli ya Kijerumani kuungana nazo. Alidhani anarejeshwa kudai urithi wake. Kwa Bismarck alikuwa fimbo: raia wa Ujerumani anayeweza kudhulumiwa, na kwa hiyo kisingizio cha mizinga. Barghash alipokubali matakwa ya Wajerumani, fimbo ikawekwa kando. Urithi hakupata. Watu wa mji walimsalimu barabarani kwa Kiarabu na Kiswahili, na Barghash hata hakumtazama. Alijaribu tena 1888, bila mafanikio.

Nimeahidi kurudia suala la utumwa. Usomapo kitabu chake unampenda, unampenda, halafu unafika kwenye sura ya watumwa na kikombe kinaanguka. Anautetea. Anasema utumwa wa kwao si kama wa Marekani, anadai mtu mweusi hafanyi kazi asiposukumwa. Mtoto wa suria aliyetekwa vitani ndiye anayesema hayo! Wale watu elfu moja wa Mtoni aliowalilia akiwa peke yake Hamburg, wengi walikuwa pale kwa sababu hawakuwa na ruhusa ya kuondoka. Ukarimu wa ua ule, milango wazi, vikapu vya matunda, vilibebwa na mikono isiyolipwa. Mwaka 2019 Hamburg iliupa uwanja mmoja wa mtaa jina lake, na mwaka uliofuata ikaamua kulifuta kwa sababu ya maandishi hayo. Marafiki zangu wawili tuligombana juu ya hilo usiku mzima kwenye kibanda cha chai Ngara. Mmoja alisema mji uliotajirika kwa kauri na pembe hauna haki ya kumhukumu. Mwingine alisema haki ipo, ila iwe kwa wote. Mimi nilisema jina liondolewe na kitabu kisomwe, na bado nasema hivyo, ingawa najua ni jibu la mtu anayependa vitabu kuliko viwanja.

Lakini haliniondolei swali la pole. Maumivu yake kule yalikuwa ya kweli. Neno alilolikosa alifundishwa na mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kuona kwamba anastahili uhuru. Yote mawili yamo ndani ya nyumba moja, na sioni namna ya kuyatenganisha kwa ukuta.

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu familia ile, na karibu nicheke nilipolikuta. Antonie, yule Thawka, alikua, akaolewa na ofisa wa kikoloni, Eugen Brandeis, na wakaenda kuishi visiwa vya Marshall, katikati ya bahari ya Pasifiki, ambako mume alikuwa mkuu wa utawala wa Kijerumani. Mwaka 1907 akachapisha kitabu cha mapishi kwa wake wa Kijerumani wanaoishi nchi za joto: jinsi ya kuendesha jiko, nini cha kupika, namna ya kuishi mbali na nyumbani. Mama yake hakupata hata ukurasa mmoja wa kumfundisha kuishi Hamburg. Binti, kizazi kimoja baadaye, anawapa Wajerumani mwongozo wa kuishi kwenye joto. Expat kamili. Gurudumu likawa limezunguka.

Salme mwenyewe alikaa zaidi ya miaka 20 nchi za Sham, Jaffa na Beirut, karibu na adhana ingawa si ya kwao, akarudi Ujerumani 1914, akafa Jena tarehe 29 Februari 1924. Wanaosimulia maisha yake husema kwenye vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa Unguja. Majivu yake yalizikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, kando ya Heinrich.

Septemba 2024 serikali yetu na ya Ujerumani zilitia saini Berlin mkataba wa wafanyakazi, na tangu hapo kila kona ya mji kuna bango la masomo ya Kijerumani. Binamu zangu wawili wako A2. Wanakariri vitenzi jikoni, mathe anawauliza mbona wanakohoa.

Nilimwomba dada yangu aende Ohlsdorf. Alienda Jumapili moja ya Januari, siku ya ukimya, hana kazi. Aliniambia makaburi yale ni makubwa hadi yana mabasi yake ndani, yenye vituo, na watu wanapanda wakiwa na maua mapajani. Alishuka kituo kisicho chake. Alitembea kwenye theluji akisoma mawe, majina ya Kijerumani tupu, mpaka simu ikazima kwa baridi na ramani ikazima nayo. Saa kumi jua likawa limeshuka. Akageuka.

"Sijamwona," alisema, na nilimsikia akivua viatu, akigonga theluji mlangoni polepole asije akamsumbua jirani. "Nitarudi Juni. Juni nitakuwa na hadi saa nne usiku."